Jinsi ya kuielewa kanuni ya Markovnikov bila kukariri

Kama kemia ya oganiki inakutesa anza na mzee mwenyewe. Vladimir Markovnikov, Mrusi, alisoma chuo cha Kazan chini ya mkemia Butlerov, 1869 akaitoa kanuni yake, ya H na Br zinakaa kaboni ipi HBr ikijiunga na dabo bondi, kwenye tasnifu ya udaktari, 1871 akaacha kazi Kazan sababu profesa mwenzake Lesgaft alifukuzwa, na mimi hapo namheshimu sana, baadae akafundisha Moscow na kuchunguza mafuta ya Kaukazi, akafariki 1904.

Sasa chukua karatasi uchore propeni, CH3-CH=CH2. Weka kidole kwenye dabo bondi, ile alama ya =, hesabu haidrojeni (H) za kila kaboni (C) ya hapo, ya mwisho inazo mbili, ya katikati moja. Ukiweka HBr (haidrojeni na bromini), H inaenda kwenye kaboni yenye mbili, yaani mwenye nacho anaongezewa, Br inakaa katikati, unapata 2-bromopropani.

Kwa nini? H inaingia kwanza na kaboni ya pili ya dabo bondi inabaki na chaji chanya, sasa ikiwa ni ya katikati inashikiliwa na majirani wawili so inatulia zaidi, hapa ndo watu wanaruka na ndo penye utamu wenyewe.

Ila soma swali vizuri, ukiona peroksaidi (kemikali yenye oksijeni mbili zilizoungana) pamoja na HBr mambo yanageuka, Br inaenda mwisho. Jaribu na 1-buteni kabla hujalala.