Lugha gani ujengee apu ya wavuti? Anzia kwenye seva

Ukiuliza lugha ipi ya kuandikia programu ni bora utabishana mpaka kesho, maana JavaScript, Java, PHP na Ruby zote zilitoka kwa watu mwaka huohuo wa 1995 na mabishano hayajaisha hadi leo. We jiulize hivi: hii apu itakaa kwenye seva (kompyuta inayoiendesha na kuituma kwa watumiaji) ya aina gani, na ikigoma usiku wa manane nani ataamka kuitengeneza?

Kwanza tumalize upande wa mbele, yaani kile mtumiaji anachokiona kwenye brauza. Hapo hakuna cha kuchagua sana, ni JavaScript. Utasikia na TypeScript, hiyo ilitolewa na Microsoft 2012 na ni JavaScript ileile iliyoongezewa aina za data ili makosa yakamatwe mapema, kabla haijafika kwenye brauza inageuzwa kuwa JavaScript ya kawaida. Kwa hiyo JavaScript kidogo utajifunza tu, upende usipende.

Kazi iko upande wa seva. Angalia hosti yako, yaani kampuni inayokukodishia nafasi kwenye seva, kabla hujaandika hata mstari mmoja. Kama ni ile hosti ya bei ya chini ya kushea na wengine, nyingi zimeandaliwa kwa ajili ya PHP, unapakia mafaili na apu inafanya kazi, basi. Python na Node (JavaScript inayoendeshwa kwenye seva) kwa kawaida zinataka programu inayowaka muda wote, ambayo lazima kitu fulani kiiwashe tena ikizima, sasa hapo utahitaji seva yako mwenyewe au huduma inayokubebea huo mzigo, na kama ni seva yako basi na masasisho ya usalama ni juu yako. Watu wengi hili wanaligundua apu ikiwa tayari imeisha kuandikwa.

PHP inachekwa sana, lakini Wikipedia inaendeshwa nayo na WordPress pia, na ukiwa na Laravel (fremuweki yake, yaani kodi iliyoandaliwa tayari ya kujengea apu, ipo tangu 2011) unaandika kodi safi kabisa. Tena ina kitu ambacho anayeanza atakipenda: kwa kawaida kila ombi (kila mtu anapofungua ukurasa) linaanza upya na likiisha kumbukumbu inafutwa, kwa hiyo ukikosea mahali, mara nyingi linakufa ombi hilo moja tu na wengine wanaendelea.

Baada ya hosti, andika kwenye karatasi apu itafanya nini hasa. Siyo ndoto za baadaye, vitu vya mwezi wa kwanza. Kama ni fomu, akaunti za watumiaji, ripoti na ukurasa wa msimamizi, chukua Python na fremuweki yake ya Django. Django ilizaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti huko Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma 2005, na inaonekana kabisa ilitengenezwa na watu waliokuwa wanafukuzwa na muda, maana mfumo wa kuingia na kurasa za msimamizi unavikuta tayari. Ruby on Rails, fremuweki ya Ruby, iko njia hiyohiyo. Na kama apu itachezea data nyingi au modeli za akili bandia, Python tu, usijisumbue.

Apu ya kuchati na taarifa za papo kwa papo? Node inafaa, kwa sababu haikai ikisubiri databesi (ghala la data za apu) ijibu, inahudumia wengine kwanza. Ila kodi yako inapita kwenye uzi mmoja, yaani inafanya hatua moja baada ya nyingine, ukiiweka hapo hesabu nzito kila mtu anasimama foleni, kazi kama hizo zipeleke kwa programu nyingine ya pembeni. Lugha ya Go nayo inakupa faili moja la kunakili kwenye seva, raha sana, japo vitu vingi utaunganisha mwenyewe. Java na C# ni nzuri hasa ukiingia kwenye timu ambayo tayari inazitumia.

Kuhusu spidi, mi naona watu wanaogopa bure. Apu nyingi zinachelewa kwenye databesi: hakuna indeksi (orodha ya kutafutia data haraka), au ukurasa mmoja unaitumia databesi maswali mia pale ambapo mawili yangetosha. Instagram ilikua na Django. Twitter ilianza na Rails, ikaja kuhamisha sehemu zake baada ya kuwa kubwa kupindukia, na tatizo la namna hiyo wengi wetu tungelipokea kwa mikono miwili.

Zikibaki lugha mbili, jenga kitu kilekile kwa zote: kujisajili, kuingia, kuhifadhi fomu, kuonyesha orodha. Halafu kiweke hewani kweli, usiishie kwenye kompyuta yako. Angalia ujumbe wa makosa unaeleweka au ni mafumbo, na kama fremuweki bado inatolewa masasisho ya usalama. Ngoma ikiwa droo, chukua ile ambayo una mtu wa kumuuliza ukikwama.

Databesi isikuumize kichwa kwa sasa, PostgreSQL au MySQL, zote zinaongea vizuri na lugha zote nilizotaja hapa.