Kuongeza sauti mpya za ala kwenye MuseScore 4

MuseScore ni programu ya kompyuta ya kuandika nota za muziki. Sauti zinazokuja nayo zinatosha kukagua nota. Ukitaka msikilizaji atambue ala uliyoiandikia, utahitaji kuongeza zako.

1. Tafuta faili la SoundFont, yaani faili lenye rekodi za sauti za ala, ambalo jina lake linaishia na .sf2 au .sf3. La .sf3 limebanwa, kwa hiyo ni jepesi. Mafaili ya .sfz yalifanya kazi katika matoleo ya 2 na 3, ila toleo la 4 haliyasomi. Soma leseni, hasa kama utauza rekodi. Usivutiwe na ukubwa: ala moja iliyorekodiwa kwa uangalifu, kuanzia mlio hafifu hadi mkali, naipenda kuliko faili zito lenye ala zote.

2. Likiwa kwenye zip, lifungue. Kisha liburute uliachie juu ya dirisha la MuseScore, au uliweke kwenye folda ya SoundFonts iliyomo ndani ya folda ya MuseScore4, kwenye nyaraka zako. Lisipoonekana, funga programu uifungue upya.

3. Bonyeza F10 kufungua miksa. Kila ala ina safu yake. Bofya jina la sauti inayotumika, nenda kwenye SoundFonts, chagua faili lako.

Hapa ndipo wengi hukwama. Ukiiachia programu ijichagulie, hufuata namba za General MIDI, mpangilio wa mwaka 1991 wenye sauti 128: marimba ni ya 13, kalimba ya 109. Lakini mtengenezaji wa faili la ala moja mara nyingi huiweka nafasi ya kwanza, ambayo kwa mpangilio huo ni ya piano. Programu inatafuta marimba kwenye 13, haiikuti. Kwa hiyo, kwa faili la namna hiyo, chagua sauti mwenyewe kwa jina lake kwenye orodha.

4. Ijaribu kwa skeli, toka nota ya chini kabisa ya ala hadi ya juu, kwanza polepole kwa p (sauti ndogo), halafu kwa f (sauti kubwa). Nota za pembeni zikisikika kama zimevutwa kwa nguvu, rekodi hazikufika huko. Tafuta faili jingine. Mwisho sawazisha sauti na ala nyingine kwenye miksa.

5. SoundFont haihifadhiwi ndani ya faili la nota. Unayemtumia asipokuwa nayo, atasikia sauti tofauti, basi mpe pia MP3 au WAV.