Jinsi ya kukokotoa na kudai malipo ya sikukuu kwa mfanyakazi wa zamu ya usiku

Mpwa wangu anafanya kazi ya mapokezi katika nyumba moja ya kulala wageni hapa Kigoma mjini. Sikukuu ya Uhuru iliyopita alikuwa zamu, na mshahara wa Desemba ukatoka bila nyongeza yoyote. Tulikaa barazani kwangu Mwanga jioni nzima tukihangaika na hesabu moja tu, nayo ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kwamba sheria inakuhusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 25, inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyefanya kazi siku ya sikukuu ya umma mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Msimamizi wa wafanyakazi wengine anayewajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu hamo katika kifungu hicho.

Hatua ya pili: Andika saa zako. Mimi hutumia kaunta buku na kalamu ya wino, kwa sababu simu hupotea na ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani hubanduliwa. Kwa Idi, andika tarehe iliyotangazwa baada ya mwezi kuandama, si ile iliyochapwa kwenye kalenda.

Hatua ya tatu: Tafuta mshahara wa saa moja. Hapa ndipo tulipokwama. Mpwa wangu alijumlisha mshahara wa 390,000 na posho ya nauli ya 60,000, akagawa kwa siku 30, kisha kwa saa 9, akapata shilingi 1,667 kwa saa. Makosa yalikuwa mawili. Posho haimo katika mshahara wa msingi, na jedwali la sheria halitaji siku 30, bali linagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 iliyozidishwa kwa saa za kawaida za wiki. Kwa mtu wa saa 45 kwa wiki, kigawanyo ni takriban 195, na 390,000 ikigawanywa kwa 195 inatoa shilingi 2,000.

Kisha kuna usiku wa manane, ambao ndio uliotugombanisha. Sikukuu huanza saa 6 usiku, si zamu inapoanza. Mpwa wangu aliingia saa 2 usiku wa Desemba 8 na kutoka saa 12 asubuhi. Katika zamu hiyo saa za sikukuu zilikuwa 6. Alirudi usiku wa Desemba 9, na saa 4 za kwanza za zamu hiyo zilikuwa za sikukuu pia, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelisahau. Jumla ni saa 10, mara 2,000, mara mbili: shilingi 40,000. Saa zote hizo zikiwa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ongeza asilimia 5 ya kazi ya usiku, yaani shilingi 1,000, katika mstari wake peke yake. Saa moja ya mapumziko huondolewa ikiwa kweli uliachiwa upumzike; lakini aliyeketi peke yake mapokezi akingoja wageni alikuwa bado yuko tayari kwa kazi, na sheria inataka saa hiyo ilipwe.

Kama sikukuu ilikukuta likizoni, usidai siku ya ziada, kwa kuwa siku 28 za likizo ya mwaka hujumuisha sikukuu zilizo ndani yake.

Hatua ya nne: Peleka barua yenye hesabu hiyo, nakala mbili, moja isainiwe kuwa imepokelewa. Ukikosa jibu, jaza Fomu Na. 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Mimi huhesabu tangu siku mshahara ulipotoka pungufu. Kwa mpwa wangu, aliyelipwa Desemba 31, mwisho ulikuwa Machi 1, na barua yake tuliipeleka Januari 6.