Kutoka Madaba hadi Petra kwa Barabara ya Wafalme

Jordan, wenye haraka hupita Barabara ya Jangwani pamoja na malori. Mimi nakushauri Barabara ya Wafalme. Anzia Madaba: tazama kanisani ramani ya karne ya 6 iliyopangwa kwa vipande vidogo vya mawe, jaza tangi, beba maji. Kumbuka huko wanaendesha upande wa kulia.

Kazi iko Wadi Mujib, bonde lenye kina kirefu. Uliza kwanza kama njia ni wazi, maana miamba huporomoka. Kona zinashuka hadi bwawani. Tumia gia ndogo, usikanyage breki mfululizo, na ukifika chini simama zipoe.

Lala Karak, penye ngome iliyoanza kujengwa 1142. Ngome ya Shobak, ya 1115, wengi huiruka. Mimi naipenda zaidi kwa utulivu wake. Giza lisikukute barabarani kabla ya kufika Petra: kuna mbuzi na matuta yasiyo na alama.