Kuomba udahili wa chuo kikuu Tanzania: kwa wahitimu wa kidato cha sita na wazazi wao

Mwombaji hutuma maombi moja kwa moja katika chuo anachokitaka, lakini kabla ya kulipa ada ya maombi asome mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), ambao unaeleza sifa za kila programu. Kigezo cha chini kwa jumla ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Hata hivyo, programu zenye ushindani, udaktari kwa mfano, hudai zaidi ya hapo.

Mkopo ni ombi lingine kabisa, linalopelekwa kwa Bodi ya Mikopo (HESLB), na hapa ndipo mzazi anapohitajika zaidi. Cheti cha kuzaliwa kinapaswa kuhakikiwa na RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), kama ilivyo kwa cheti cha kifo endapo mzazi amefariki, na kazi hiyo ni vyema ianze mapema, hata kabla matokeo hayajatoka. Linganisheni majina herufi kwa herufi: “Mohamed” kwenye cheti cha shule na “Muhammad” kwenye cha kuzaliwa huweza kukwamisha ombi.

Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hana budi kuthibitisha kimoja tu, kwa namba maalumu anayotumiwa kwa ujumbe wa simu. Kwa hiyo jazeni namba ya simu ya mwombaji mwenyewe, si ya mhudumu wa steshenari.