Kufinyanga Chetezo kwa Udongo wa Sabaki: Mwongozo kwa Wanaofundisha Karakanani

Mwongozo huu umekusudiwa wale wanaofundisha ufinyanzi katika karakana za jamii hapa Malindi na vitongoji vyake. Nimeuandika baada ya kulisaidia darasa la kina mama na vijana ambao vyombo vyao vilitoka motoni vikiwa vizima, vikasifiwa, vikapangwa rafuni, kisha baada ya siku kadhaa vikaanza kubanduka bila ya kuguswa na mtu. Chombo nilichokichagua kwa somo ni chetezo, kwa kuwa ni kidogo, hakihitaji kuzuia maji, na nyumba nyingi za mwambao hukitumia kwa udi na ubani, hivyo mwanafunzi hurudi kwake na kitu kitakachotumika. Tena chetezo hakivumilii uzembe: hutiwa makaa ya moto kikiwa baridi, na kilichofinyangwa ovyo hupasuka siku hiyo hiyo.

Hatua ya kwanza: kuchimba na kuloweka

Chimba udongo kwenye ukingo wa mto Sabaki, mbali na mdomo wa mto ambako maji ya bahari huingia, na uombe ruhusa ya mwenye shamba kabla ya kushusha jembe. Udongo unaofaa ni ule unaoweza kusokotwa kuwa kamba nyembamba na kuzungushwa kidoleni pasipo kuvunjika. Uanike mpaka ukauke kabisa, uuponde, ndipo uutie majini. Wengi huloweka udongo ukiwa bado na unyevu, wakashangaa mabonge yanakaa wiki nzima bila ya kulainika. Udongo mkavu hunywa maji kwa haraka na kusambaratika wenyewe.

Hatua ya pili: kuondoa chokaa

Ninawasihi walimu waikalie hatua hii kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyoharibu vyombo vya darasa nililolitaja. Bibi mmoja aliniletea chetezo chake kiganjani akaniuliza, “Mwalimu, hiki kimepatwa na nini?” Ubavuni mwake palikuwa pamebanduka kibanzi chenye upana wa ukucha, na katikati ya shimo lililobaki ilionekana punje nyeupe, ndogo kuliko punje ya mchele, ambayo ilipoguswa kwa ncha ya sindano iligeuka unga. Punje ile ilikuwa kipande cha kombe au tumbawe.

Kinachotokea ni kile kile wanachokifanya wachoma chokaa wa pwani tangu zama za kujengwa kwa miji ya mawe kama Gede na Lamu. Tumbawe likipata moto wa kutosha, kati ya nyuzijoto 700 na 900 hivi, hupoteza hewa yake ya ukaa na kuwa chokaa kali. Chokaa hiyo ikikutana na maji huzimika, na inapozimika hupata joto na kuvimba. Mwashi huizima kwa makusudi ndani ya shimo, lakini punje iliyofungiwa ndani ya ukuta wa chetezo huzimika polepole kwa unyevu wa hewa yetu ya baharini, na kwa kuwa haina nafasi ya kuvimbia, hukisukuma kibanzi kilicho mbele yake mpaka kikabanduka. Ndiyo maana chombo hutoka motoni kizima na kuharibika baadaye, na ndiyo maana mwanafunzi hulaumu moto ilhali kosa lilikuwa katika beseni la udongo.

Dawa ya kwanza ni kuchuja. Uji wa udongo upitishe kwanza kwenye chandarua kikuukuu ili kuondoa mizizi na changarawe, kisha kwenye chujio la chai lenye wavu mwembamba. Mimi sikubali chekeche la unga kwa kazi hii, hata likiwa jipya, kwa kuwa matundu yake ni mapana na hupitisha punje zile zile tunazozikimbia. Kilichobaki kwenye chujio usikitupe kabla ya kukipima: kidondoshee maji ya ndimu au siki, uinamishe sikio. Ukisikia mchachariko na kuona mapovu, kuna chokaa. Angalia hapa jambo linalowachanganya wengi: ukiupima uji uliokwisha kuchujwa, nao pia huenda ukatoa mapovu, lakini chokaa iliyo laini kama vumbi na iliyosambaa sawasawa haina nguvu ya kubandua kibanzi. Hatari imo katika punje, na kwa hiyo kinachopimwa ni masalia ya chujio.

Kuchuja peke yake hakutoshi ikiwa karakana yenyewe inaurudishia udongo chokaa. Karakana nyingi zetu zimo katika nyumba za zamani ambazo kuta zake zimepigwa lipu ya chokaa, na lipu hiyo hupukutika kila mlango unapofungwa kwa kishindo. Beseni la udongo lisikae ukutani, lifunikwe wakati wote, na udongo usikandwe juu ya sakafu ya chokaa wala ya saruji inayomeguka. Mchanga wa ufukweni usitiwe katika udongo kwa hali yoyote, hasa ule mweupe wa upande wa Watamu, ambao kwa sehemu kubwa ni makombe na matumbawe yaliyosagika. Vibanzi vya plasta ya kutengenezea kalibu navyo huleta madhara ya namna hiyo hiyo.

Kabla ya kuwagawia wanafunzi udongo mpya, finyanga vigae vichache vya majaribio, vichome, kisha viweke juu ya mvuke wa sufuria inayochemka kwa saa kadhaa. Kigae kikivumilia mvuke pasipo kubanduka, udongo huo unaaminika. Kikibanduka, chuja tena.

Iko dawa nyingine inayojulikana kwa wafinyanzi wa nchi nyingi, nayo ni chumvi. Chumvi ya kawaida isiyozidi gramu 10 kwa kila kilo ya udongo mkavu, ikiyeyushwa katika maji ya kukandia, hupunguza madhara ya chokaa. Ninaitaja lakini siipendi: chombo hutoka na utandu mweupe usoni unaofunika rangi nyekundu ya udongo wa Sabaki, na karakana yenye tanuri la umeme isithubutu kuchoma udongo wenye chumvi humo, kwani mvuke wake hula nyaya.

Uji uliochujwa umimine katika mifuko ya marikani, uitundike kivulini mpaka udongo ukazike.

Hatua ya tatu: kuchanganya vigae

Chetezo kinahitaji udongo wenye chembe ngumu ndani yake ili kistahimili kupata moto ghafla. Twanga vigae vya vyungu vilivyovunjika katika kinu, pepeta, na uchanganye sehemu moja ya vigae kwa sehemu nne za udongo. Vigae hivyo vitoke majumbani na sokoni. Vile vinavyoonekana chini katika magofu ya Gede ni urithi unaolindwa kwa sheria, na mwanafunzi aambiwe wazi kwamba havichukuliwi, hata kimoja. Anayetaka kujifunza kutoka kwavyo na aende makumbusho ya hapo hapo Gede akaviangalie.

Hatua ya nne: kufinyanga

Kanda udongo kama kawaida. Anza na bakuli: finyanga kitako kwa kiganja, panda kwa kamba za udongo zenye unene wa kidole, na kila kamba uishindilie kwa ndani na kwa nje kabla ya kuweka nyingine. Ukuta uwe na unene wa milimita nane hivi kila mahali. Mguu ufinyangwe peke yake, na viwili hivyo viunganishwe vikiwa na ugumu ulio sawa, baada ya kukwaruza nyuso zote mbili na kuzipaka uji mzito wa udongo ule ule. Mguu mkavu ukiunganishwa na bakuli bichi utaachana nalo wakati wa kukauka.

Mwanafunzi mpya nisingempa gurudumu. Wafinyanzi wa mwambao na bara yake, wengi wao wanawake, wametengeneza vyombo vya nyumba zao kwa mkono pasipo gurudumu, na mkono humfundisha mtu unene wa ukuta mapema zaidi. Hali kadhalika sishauri rangi ya kioo, yaani mpako unaoyeyuka motoni na kung'aa kama kioo, kwenye chetezo. Ukisugue kwa kokoto laini ya mtoni kinapokaribia kukauka, kitang'aa vya kutosha. Wako vijana wanaotamani sini kama ya bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye nguzo ya kaburi la Mambrui, nao waelezwe kwa heshima kwamba sini hutaka udongo mweupe wa aina nyingine na moto unaokaribia nyuzijoto 1,300.

Toboa matundu ya hewa udongo ukiwa umekazika lakini bado haujakauka.

Hatua ya tano: kukausha

Kausha kivulini. Wakati wa kaskazi funika vyombo kwa kanga yenye unyevu siku za mwanzo, kwa maana upepo huo hukausha ukingo na kuacha mguu ukiwa mbichi. Wakati wa mvua za kusi, ongeza siku.

Hatua ya sita: kuchoma na kuzamisha

Vipashe vyombo moto kandokando ya makaa, midomo ikiwa chini, mpaka visiwe na unyevu hata kidogo. Maji yaliyobakia ndani yakichemka ghafla huupasua ukuta. Kisha vipange juu ya kuni, uvifunike kwa makumbi na vifuu, na uwashe kutoka upande unakoelekea upepo ili moto upande taratibu. Lenga wekundu hafifu, ambao huonekana vizuri jioni, na usiongeze vifuu ukishauona. Wekundu huo ni karibu nyuzijoto 700, ambapo udongo umeshageuka kigae na chokaa nyingi bado haijageuka kuwa kali. Wanaotumia tanuri la umeme wana mazoea ya kupandisha hadi nyuzijoto 950 au zaidi, na kwa udongo wetu huko ndiko kuzuri kwa nguvu lakini kubaya kwa chokaa, kwa hiyo kuzamisha kwao ni lazima.

Kuzamisha hufanywa hivi: vyombo vikipoa kiasi cha kushikika kwa kitambaa, vitie vyote katika pipa la maji baridi mpaka mapovu yakome, kisha vianikwe. Maji mengi kwa mara moja huizima chokaa na kuilainisha upesi, badala ya kuiacha ivimbe kidogo kidogo kwa unyevu wa hewa. Chombo kisichozamishwa siku ile ile kinaanza kunyonya unyevu usiku huo huo.

Andika tarehe ya kuchomwa chini ya kila mguu kwa mkaa, na usimruhusu mwanafunzi kuuza wala kutoa zawadi chetezo chake kabla ya wiki mbili kupita. Anapokitumia mara ya kwanza, atandaze majivu ndani kwa unene wa kidole kabla ya kuweka kaa.