Mguu Unauma, Kumbe Kosa Liko Kiunoni

Nilishuka kwenye kichwa cha semi pale Ruaha Mbuyuni saa mbili usiku, nikakanyaga chini kwa mguu wa kulia, ukanigomea. Maumivu yalianzia katikati ya tako, yakapita nyuma ya paja na kigimbi, yakaishia kwenye kidole kidogo. Kama shoti ya umeme. Utingo wangu alikuwa anapatana bei ya vitunguu. Alipogeuka akanikuta nimening'inia mlangoni.

"Mzee, umeteguka?"

Nikasema ndiyo. Wiki tatu nikawa nasugua kigimbi kwa mafuta ya kuchua mpaka ngozi ikabadilika rangi.

Naona aibu kuliandika hili, kwa sababu nimeendesha malori miaka 22 na kosa la aina hiyo nalijua vizuri sana kwenye gari. Taa ya nyuma ya tela isipowaka, dereva mgeni anabadilisha balbu. Haiwaki. Anabadilisha tena. Kumbe waya umebanwa huko mbele, nyuma ya kichwa. Mguu wangu ulikuwa balbu.

Waya wenyewe ni neva ya siatiki, nene kuliko neva zote mwilini, unene wake unakaribia kidole. Mizizi yake hutokea chini kabisa ya uti wa mgongo, inaungana, inapita ndani ya tako na kushuka hadi mguuni. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kama raba yenye ute katikati. Diski ikituna au kupasuka kuelekea nyuma, inausumbua mzizi, na wewe unasikia moto, ganzi au sindano sindano huko chini. Ndiyo maana nikipiga chafya nilikuwa naumia mguu. Kwa wazee mara nyingi chanzo ni njia ya neva kusinyaa, na wapo wanaobanwa na msuli wa ndani ya tako, lakini diski ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Kabla ya zoezi lolote, jikague. Ukipata ganzi sehemu za siri na pale unapokalia tandiko la baiskeli, mkojo ukigoma au ukikutoka bila habari, choo hivyo hivyo, au miguu yote miwili ikilegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Hiyo ni ya upasuaji wa haraka, na ukichelewa unaweza kubaki hivyo maisha. Mguu ukianza kuburuta vidole, usingoje nao. Mgongo unaouma pamoja na homa, kutoka jasho usiku au kukonda unataka daktari pia, maana kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo. Na kama umeanguka au umepata ajali, usijitibu.

Mimi nilipelekwa na mke wangu. Nilikuwa nimeshalipia eksirei, ikaonyesha mifupa tu. Eksirei haionyeshi neva wala diski. Binti wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, hakuiangalia sana. "Shikamoo baba, hebu lala chali." Akauinua mguu wa kulia ukiwa umenyooka. Haujafika hata nusu ya kusimama wima, moto ukashuka mpaka chini ya goti. Akanisimamisha, akaniambia nitembee kwa visigino. Sawa. Kwa vidole. Mguu wa kulia ukashindwa kuninyanyua, na mimi sikuwa najua kabisa kwamba umedhoofika. Akaandika.

Kisha akasema: "Baba, toa hiyo pochi."

Ilikuwa mfuko wa nyuma, kulia. Leseni, vitambulisho, risiti za mizani za tangu mwaka juzi, picha za watoto. Nene kama boflo. Kutoka Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na mimi nilikuwa nazisafiri tako moja likiwa juu ya lingine. Hakusema pochi ndiyo iliyopasua diski, ila alisema inabonyeza mahali penye hasira tayari. Kama na wewe unayo, itoe leo, hata kabla hujamaliza kusoma.

Zoezi alilonipa ni hili. Lala kifudifudi sakafuni juu ya mkeka, si kwenye godoro linalozama. Tulia dakika mbili. Jiinue kwa viwiko, pumua. Ikikubali, weka viganja kama mtu wa pushapu, nyoosha mikono taratibu ukiinua kifua, lakini nyonga zibaki chini, kiuno kilegee. Rudi. Mara kumi, kila baada ya saa chache.

Hapa ndipo penye siri yote: angalia maumivu yanahamia wapi. Yakipanda, yaani yakatoka kidoleni yakaja pajani, halafu takoni, endelea, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi. Yakishuka kuelekea mguuni, acha. Zoezi hilo si lako, rudi kwa mtaalamu. Mzee anayepata nafuu akiinama, yule anayetembea vizuri akisukuma toroli tu, mara nyingi hili humzidishia.

Nilipozoea, akaniongezea jingine la kuitelezesha neva. Kaa kwenye kiti, nyoosha goti huku ukitazama juu. Kunja goti huku ukishusha kidevu. Kumi, polepole, bila kushikilia na bila kulazimisha maumivu.

Usijilaze kutwa. Nilijaribu siku nne nikaganda kama mti. Tembea kidogo kidogo, hata kuzunguka nyumba. Usiku lala ubavu, mto katikati ya magoti. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo inasaidia kiunoni.

Dawa kama ibuprofen hupunguza kidogo, siku chache, baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, figo au ujauzito aulize kwanza. Kuna duka la dawa njiani nusura nichomwe sindano ya takoni. Yule binti aliposikia aliguna: sindano ikikosea mahali inaweza kuijeruhi neva hiyo hiyo unayoitibu.

Watu wengi hupata nafuu ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili bila kisu. Mimi wiki ya pili kidole kilipoa, kigimbi kikabaki. Ya nne likabaki paja, na kiuno kikawaka hasa. Mke wangu akaanza kulia kwamba nazidiwa. Nikamwambia waya unaachiwa, hakunielewa.

Nimerudi barabarani wiki ya tisa. Kiti nimekisogeza mbele ili nisiifuate klachi kwa kunyoosha kiuno, taulo limekunjwa nyuma ya mgongo, pochi iko kwenye dashibodi. Kila saa mbili nasimama panaporuhusiwa. Kushuka, nageuka, nashika vyuma, nakanyaga ngazi moja moja. Sirukii chini tena. Matairi anafungua utingo.

Na kila asubuhi kabla hatujawasha, nashika bampa, nasimama kwa mguu wa kulia peke yake na kunyanyua kisigino. Mwezi wa kwanza nilikuwa naweza mara moja. Utingo ndiye anayehesabu, kwa sauti, mbele ya madereva wengine, na juzi pale Makambako alifika kumi na saba.